Ndoo ya Tangawizi Haitalipa Kodi ya Keja Yako

Wasee, tangawizi haikui kwa siku 90. Hata uiimbie, hata uiombee, hata uinunulie ile "mbolea ya siri" inayouzwa kwa chupa ya soda iliyobandikwa karatasi ya kijani. Tangu siku unafukia kipande kwa udongo mpaka siku unang'oa tangawizi iliyokomaa, hesabu miezi 8 hadi 10. Hivyo ndivyo mmea ulivyo, na haujali ratiba ya mtu ya kuposti.

Naanza hapo kwa sababu siku hizi ukifungua simu hukosi ile video. Kijana kwa balkoni, fulana nyeupe safi (nani analima na fulana nyeupe?), ndoo mbele yake, anakwambia alianza na tangawizi ya soo mbili na sasa anatoa elfu themanini kwa mwezi. Halafu chini kabisa: mafunzo yapo, nafasi ni chache, tuma pesa kwa namba hii. Mimi mwenyewe napanda tangawizi kwa ndoo. Ninazo nne hapo nje saa hii. Kwa hivyo msiniambie sijui ninachosema. Mnachouziwa si kilimo. Mnauziwa matumaini kwa bei ya jumla na mnayapokea rejareja.

Binamu yangu anasuka nywele. Saluni si yake, ni ya mtu, na analipwa kwa kichwa. Aliweka akiba miezi kadhaa akitaka kununua mashine yake mwenyewe ya kukausha nywele, aanze kuwahudumia wateja nyumbani. Akaona video. Akatuma 4,500 kwa kitu kinaitwa "furushi la kuanzia". Alichotumiwa ni mifuko mitano ya plastiki, vipande kama kumi vya tangawizi, kijichupa cha maji ya kahawia, na kitabu cha kurasa sita kwa WhatsApp, nusu yake picha. Kitabu kilimwambia amwagilie maji asubuhi na jioni, kila siku, tangu siku ya kwanza.

Mtu yeyote aliyewahi kupanda tangawizi akisoma hapo anashika kichwa. Kipande ambacho hakijachipuka hakina majani, hakina mizizi ya maana, hakinywi maji. Ukikifurikisha kinaoza tu. Na vikaoza, vyote, kabla ya mwezi kuisha. Alipovichimbua vilikuwa laini kama ndizi iliyolala kwa mfuko wa shule, na harufu sitaki hata kuieleza. Akamwandikia muuzaji. Jibu: "Dada, mafanikio yanataka nidhamu." Halafu akamfungia.

Nidhamu! Unamwambia nani nidhamu, msichana anayesimama kwa miguu masaa kumi akisuka vichwa vya watu? Hiyo ndiyo sehemu inanichoma zaidi ya zile 4,500. Si kwamba wanachukua doo tu. Wanachukua doo, halafu wanakuachia lawama ubaki nayo, unaamini kwamba ulishindwa kwa sababu wewe ni mvivu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu wao hawawezi kuipiga mbele yako. Bei ninazoweka ni za mfano. Badilisha uweke za mtaa wako, uone kama jibu litahama sana.

Tuseme una ndoo 10 za lita 20, zile za mafuta zilizotumika, unazipata kwa wauza chipo kwa 150 kila moja. Hiyo ni 1,500. Udongo na samadi, maana huku mjini hata udongo unauzwa, weka 150 kwa ndoo: 1,500 nyingine. Tangawizi ya kupanda, kilo moja na nusu, kilo tukiiweka 300: ni 450. Maji, ndoo moja ikinywa nusu lita kwa siku, zote kumi zinakunywa lita 5. Kwa siku 270 hiyo ni lita 1,350, yaani mitungi 67 na nusu. Mtungi ukiwa kumi tu, na mnajua kuna wiki mtungi hauwi kumi, ni 675. Jumla umeingiza 4,125. Kazi yako nimeiweka bure.

Mavuno nitakuwa mkarimu. Kila ndoo kilo moja. Hiyo ni ndoo iliyotunzwa vizuri, si ya kila mtu. Kilo 10 kwa 300, ukiuza zote kwa bei ya mteja wa mwisho, ni 3,000. Umengoja miezi tisa na umepoteza 1,125.

Najua utasema mwaka wa pili ndoo tayari zipo. Sawa kabisa. Toa ndoo. Udongo nao uongezee samadi, tuseme 500 kwa zote. Mbegu 450, maji 675. Umetumia 1,625, umeuza 3,000, faida ni 1,375. Gawa kwa miezi tisa. Ni kama 153 kwa mwezi. Mia na hamsini na tatu! Hiyo ni data ya siku mbili tatu, na ukiwa mtu wa kutazama video za tangawizi haitafika hata hizo mbili.

Sasa twende mbele. Ukitaka hiyo tangawizi ikuletee 15,000 kwa mwezi, si themanini, kumi na tano tu, unahitaji karibu ndoo 980. Ndoo moja iliyojaa udongo umelowa maji ina kama kilo 20. Hizo ni kama tani 20 juu ya balkoni inayobeba kamba ya nguo, mtungi wa gesi na baiskeli ya jirani. Keateka hatakupigia simu ya kukukumbusha kodi. Atakuwa anakutafuta chini ya kifusi.

Halafu kuna hii ya mbegu, na hapa naomba mnisikize vizuri. Nimeona watu wanauza "mbegu za kisasa za tangawizi" kwa paketi, mbegu kabisa, vitu vidogo kama vya nyanya. Tangawizi tunayokula haipandwi kwa mbegu za aina hiyo. Inaweza kutoa maua, lakini mbegu za kupanda ni kama haitoi kabisa, na ndiyo sababu kila mahali inakolimwa watu hupanda vipande vya tangawizi yenyewe. Kile unachokiita mzizi si mzizi hata. Ni shina linalotambaa chini ya udongo, na lina macho, na kila jicho linaweza kuwa mmea. Kwa hivyo mtu akikutumia paketi ya punje na kukwambia ni tangawizi, amekutumia kitu kingine. Mbegu yako iko kwa mama mboga, kwa kile kikapu kando ya vitunguu saumu, na anakuuzia ya ishirini bila mafunzo.

Kosa moja la ya sokoni ni kwamba inaweza kuja na ugonjwa, hasa ule wa bakteria unaonyausha mmea mzima ungali kijani. Ugonjwa huo huishi kwa udongo na hauna dawa ya maana. Ukiona hivyo, mmea na udongo wake utupe, ndoo uisugue. Mkulima wa ekari anahitaji kweli mbegu safi kutoka kwa mtu anayeaminika. Na Kenya hii anayefanya biashara ya mbegu anatakiwa kusajiliwa na KEPHIS. Muulize huyo wa mtandaoni cheti. Uliza kwa heshima tu, halafu utazame atakavyokufungia.

Na hata tukisahau balkoni, jiulize unashindana na nani. Tangawizi nyingi unayoiona kwa masoko yetu imevuka mpaka kwa lori kutoka Tanzania na Uganda. Kule Same, mkoa wa Kilimanjaro, kwenye Milima ya Upare, kuna watu wanalima tangawizi miaka na miaka, kwa ardhi, kwa mvua na kwa mifereji. Lori moja lao likishusha mzigo, bei ya jiji inashuka. Wewe na ndoo zako kumi hautawatikisa. Siwezi kuelewa mtu anayekwambia "soko lipo" bila kukwambia nani mwingine yuko kwa hilo soko.

Tuje kwa video zenyewe, maana zimewateka wengi kwa ile sehemu ya mwisho, jamaa anapindua ndoo na tangawizi inamwagika kama mawe. Ngoja nikupe macho ya kuitazama. Tangawizi iliyokulia kwa ndoo hutoka kama bonge moja. Vidole vimeshikana, mashina ya majani bado yamesimama juu yake, mizizi myembamba inaning'inia na udongo umeng'ang'ania kila kona. Lazima utumie nguvu kuutoa huo mkono kwa ndoo, na mara nyingine ndoo inapasuka kwanza. Ngozi yake ikiwa bado changa ni nyembamba, unaikwangua kwa ukucha, na karibu na machipukizi kuna rangi ya waridi. Sasa rudi kwa ile video. Vipande vinaanguka kimoja kimoja. Havina mashina. Vina ngozi kavu ya kahawia, na mahali vilipokatwa pamekauka na kuziba. Buda, hiyo ni tangawizi ya soko imefukiwa jana jioni. Amenunua kilo tano, akazika, akawasha kamera, akafukua. Kisha akakuuzia ufufuo.

Na kati ya kipande kuchipuka na ndoo kujaa majani kuna mkato wa sekunde moja. Miezi minane yote imekaa ndani ya huo mkato. Hapo ndipo kulikuwa na kazi, na wadudu, na maji kukatika Jumanne mpaka Ijumaa, na hapo ndipo ungejifunza kitu. Ameutupa.

Hii sinema si mpya. Waulizeni wazazi wenu kuhusu kware. Mwaka 2013 kuingia 2014 nchi hii ilipagawa na kware. Mayai madogo yale yalikuwa yanauzwa ghali kuliko ya kuku, ati yanatibu kila kitu, watu wakatafuta leseni za KWS kufuga ndege kwa vyumba vya nyuma. Halafu kila mtu akawa na kware na hakuna aliyekuwa ananunua. Bei ikaanguka, ndege wakaishia kwa sufuria. Waliotoka na faida ni wale walioingia mapema na kuwauzia vifaranga waliochelewa. Sasa angalia tena furushi la kuanzia la 4,500. Yule jamaa halimi tangawizi. Anakulima wewe.

Kando kidogo: kuna pia wale wakubwa wanaokuja kwa runinga kusema vijana wanachagua kazi, vijana warudi shambani, na kama huna shamba basi hata balkoni inatosha. Shamba la nani? La babu, lililogawanywa kwa watoto saba? Mtu akiulizwa kuhusu ajira anajibu kuhusu ndoo. Mimi naipenda ndoo yangu, lakini ndoo si sera.

Basi mbona mimi napanda?

Kwa sababu ni nzuri. Ni hivyo tu. Nakunywa chai ya tangawizi niliyoifukia mimi. Na kuna kitu ambacho sokoni ni nadra kukiona, tangawizi changa, ya mwezi wa tano au wa sita, laini, haina nyuzi, unaikata bila kumenya na ukali wake ni wa upole. Hiyo unaipata kwa kuchimba pembeni mwa ndoo kwa vidole, kuvunja kidole kimoja, na kufunika tena. Mmea unaendelea kama hakuna kilichotokea. Na majani yake yananukia, weka moja kwa chai uone. Mwaka 2020 korona ilipoingia na kila mtu akakimbilia dawa ya ndimu na tangawizi, mtu mwenye ndoo kwa mlango hakuwa na haja ya kubishana na bei.

Namna ya kufanya ni hii, na siiuzi. Nunua kipande kinene, kigumu, kisichokunjana, chenye macho yaliyovimba kidogo. Kiloweke usiku mmoja. Kesho yake kivunje vipande, kila kimoja kiwe na macho mawili au matatu, uviache kivulini siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke. Hapo ndipo wengi wanaruka, na hapo ndipo uozo unaingia. Chombo kiwe kipana kuliko kiwe kirefu, kwa sababu tangawizi hutambaa kwenda kando, haichimbi kwenda chini. Beseni kuukuu lenye kina cha sentimita 30 linashinda mtungi mwembamba. Toboa mashimo chini, mengi, na usitumie chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu. Udongo uchanganye na samadi iliyooza vizuri na mchanga kiasi; ukiufinya ukashikana kama unga wa chapati, ongeza mchanga. Fukia sentimita 5, macho yaangalie juu.

Halafu mwagilia mara moja, na uache. Tia kidole, pakiwa pakavu juu, nyunyiza kidogo. Chipukizi linaweza kuchukua wiki tatu, linaweza kuchukua sita, na kwa baridi hata zaidi. Usifukue kuangalia. Majani yakishatoka, sasa ndiyo inataka maji kweli, na jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukiona tangawizi inachungulia juu ya udongo, ifunike na udongo zaidi.

Na mji wako una maana. Mombasa joto na unyevu vipo, ukianza na mvua za masika mmea unakushukuru, na pengine ndiyo sababu kule hata kahawa chungu ya jioni ina tangawizi ndani. Nairobi tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na Juni mpaka Agosti ni baridi ambayo tangawizi haiipendi kabisa. Kwa hivyo huku anza Septemba. Ikule joto la Januari na Februari, ipate mvua za Aprili, halafu baridi ya Juni ikija majani yanaanza kuwa manjano na kulala. Hapo punguza maji, ngoja wiki kadhaa, ng'oa. Bakisha kipande kinene kimoja. Hicho ndicho mbegu yako ya Septemba inayofuata, na hujamtumia mtu hata senti.

Sasa najua komenti zinazokuja. "Una wivu." "Unaua ndoto za watu." "Wewe umejaribu ukashindwa." Wivu wa nini, wa fulana? Na ndoto ya binamu yangu ilikuwa mashine ya kukausha nywele, ilikuwa inaenda vizuri, ilikuwa imebaki kidogo. Waliokuja na ndoto yao wakaikalia hii hapa juu ni nyinyi. Kuna vijana kweli wanalima tangawizi na wanapata, wana ardhi au wameikodisha, wanajua bei ya lori, na hao huwaoni wakiuza mafunzo kwa sababu wako shambani. Sipigani nao. Wakitaka kuja kuongea hapa, karibuni, nitawapa nafasi yote.

Wale wa mafurushi, nina ombi moja. Mimi Septemba nitapanda ndoo moja, nitaichora mstari mwekundu ubavuni, na nitaipiga picha kila Jumapili pahali pale pale mpaka Juni, hata zile wiki haina kitu cha kuonyesha. Siku ya kung'oa nitaipima kwa mizani ya mama mboga wangu na nitaweka gharama zote, hadi ya maji. Chukueni ndoo moja nanyi, mchore mstari wa rangi mnayotaka, mfanye hivyo hivyo. Siku 90 zenu zitaisha Desemba. Nitakuwa hapa nawangoja, na maji ya chai yakiwa jikoni.